Kilio Kupitia Tundu la Taa

Nilipoivuta taa iliyozamishwa kwenye dari ya sebule ya boti tunayofanyia kazi ili nibadilishe balbu, springi zake zilinibana kidole kama mtego wa panya. Kabla sijatukana, sauti ya bosi ikashuka kupitia tundu la nyaya. Chumba chake kiko juu ya sebule.

"Wafanyakazi wenzangu, inaniuma sana kuwapunguza..." Akasita. "Hapa nalia."

Akajikohoza, akaanza kwikwi.

"Shemeji, nani kafiwa?" aliuliza mpishi, aliyekuwa amenishikia ngazi.

"Hakuna. Bosi anafanya mazoezi ya kutuachisha kazi."

"Na mimi nimo?"

Kwikwi zikakatika. "Tutaanza na jikoni," bosi akaendelea, kwa sauti kavu kabisa.

Mpishi akaitikisa ngazi, nusura nianguke. "Nyamaza, shemeji! Usije ukaongezwa na wewe kwenye orodha."

Ninyamaze? Mara iliyopita tulinyamaza, wakafukuzwa mafundi wale wale waliozifunga taa hizi.

Nikabandika mdomo kwenye tundu.

"Bosi! Safari hii kilio kiweke mwishoni. Mara ile ulianza nacho, tukakubembeleza mpaka tukasahau kugoma."