Sikio la Kushoto

Sikio la kulia la msichana lilikuwa na urefu wa milimita hamsini na nane, la kushoto hamsini na nane na nusu. Mpimaji aliandika, akajiandaa kurudia, maana kila mwanafunzi alipimwa mara mbili.

"Dada, unatushonea masikio mapya?" mvulana mmoja aliuliza kutoka kwenye foleni. Wenzake wakaangua kicheko.

"Mimi nipime vizuri," msichana alisema. "Kadi ya kliniki nimeisahau nyumbani, lakini malaria imenilaza mara saba."

Utafiti ulitaka kujua hilo hasa: kama vijana wanaougua malaria mara kwa mara hukua na pande za mwili zisizolingana.

Mpimaji alibana tena kipimo cha chuma kwenye sikio. Kulia, hamsini na nane. Kushoto, sitini na moja.

Alitazama tarakimu, kisha kidole gumba chake. Kilikuwa kimelegeza kipimo bila yeye kukituma, mara tu aliposikia habari ya malaria.

Mezani palikuwa na kadi za kliniki za vijana arobaini na wawili aliokwisha kuwapima tangu asubuhi. Kila kadi aliisoma kwanza, akajua mwenyewe ameugua mara ngapi, ndipo akapima.

"Dada, vipi? Nina kasoro?"

"Huna."

Alizisukumia kadi zote ndani ya mkoba, akafunga zipu. Kisha akachukua kalamu na kukata kwa mistari kurasa za vipimo vya asubuhi, mmoja baada ya mwingine, kutoka pembe hadi pembe.

"Niitie yule niliyempima wa kwanza asubuhi. Naanza upya."

"Huyo yuko uwanjani, anacheza mpira," msichana alisema.

"Mwambie aje na jasho lake."