Kidole cha Mama Hao

Bata bukini ndiye aliyeoshwa mwisho, kwa sabuni ya nguo, naye akalipiza kwa kumdona Ruizhen kiganjani.

"Dona tu," Ruizhen alimwambia. "Ila leo ukitaka kunya, kanye kwa jirani."

Jikoni kuku na uyoga vilikuwa vinatokota. Mwanawe Dezhong, kapera wa miaka thelathini na minne, alisimama mlangoni na shati jipya kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Wazazi wa binti kutoka ng'ambo ya mto walikuwa njiani kuja kuiona nyumba. Wakikaa wakala, ndoa ipo. Wakiaga kabla ya chakula, basi tena; na wasichana wengine wote walishakimbilia mjini.

Walipofika, Mama Hao, mama wa binti, hakusalimia sana. Alipitisha kidole juu ya fremu ya dirisha, akakitazama, akaguna. Akafunua mtungi wa maji. Akanusa kitambaa cha vyombo. Akainama kuchungulia uvunguni, akainuka uso umemshuka.

"Hivi dada, unafagia kila siku?"

"Mara tatu!" Ruizhen alijibu, kifua mbele. "Na mkwe wangu nitamfundisha. Kwangu mimi hata unywele hauanguki bila ruhusa."

Mama Hao alimtazama mumewe. Mumewe alitazama viatu vyake.

Shangazi Pang, mshenga, alimfinya Ruizhen kiunoni. "Mimina chai, wewe, maneno yapunguze!"

"Chai siku nyingine," Mama Hao alisema, mkoba tayari begani. "Nguruwe wetu hawajala."

Dezhong alianza kufungua vifungo vya kola.

"Ila kabla ya kuondoka, choo kiko wapi?" Mama Hao aliuliza.

Ruizhen alionyesha kile cha zamani, nyuma ya zizi. Lakini Mama Hao alikuwa ameshauona uani ule mlango mweupe wa choo kipya, kama kile ambacho serikali ilimjengea kila mtu mwaka juzi.

"Na hiki?"

"Hicho, dada... hicho maji yake bado..."

Mama Hao alikwisha kuuvuta mlango. Kabichi zikamporomokea miguuni. Ndani hapakuwa na pa kutia mguu: kabichi hadi darini, vitunguu vinaning'inia kwenye mnyororo wa kuvutia maji, na ndani ya bakuli jeupe la choo, mayai ya bata yamelowekwa kwenye chumvi.

Shangazi Pang alifumba macho.

"Hakijatumika hata siku moja, naapa," Ruizhen alisema. "Kizuri mno. Nani angekichafua?"

Mama Hao alianza kucheka, kidogo kidogo, mwisho akashika ukuta asianguke. Akaziruka kabichi, akarudi ndani, akavuta kigoda mpaka mezani.

"Pakua, mkwe mwenzangu," alisema akijifuta machozi. "Nilishakata tamaa mimi. Tangu niingie natafuta uchafu, siuoni, na binti yangu tangu azaliwe hajaosha hata kijiko."