Aliyegoma Kuanguka

Vijana wengine wote waliokwenda mbele kuombewa walishalala chali sakafuni, wamefunikwa khanga kama samaki sokoni. Tumsifu peke yake alikuwa bado wima, ingawa mchungaji alimsukuma paji la uso tena na tena.

"Anguka, mwanangu," mama yake akamsihi. "Watasema una pepo."

"Mama, Roho simsikii. Nasikia mkono tu."

Mchungaji akamtandika maikrofoni mdomoni. Spika zikanguruma, kanisa likapiga vigelegele. Tumsifu akatema jino.

Chini ya khanga, rafiki yake Eliwaza akafumbua jicho moja. "Anguka basi, we mjinga! Unadhani sisi tuliangushwa na nani?"

Mchungaji akainua maikrofoni tena. Tumsifu akakaza miguu. Sakafuni khanga moja ikaanza kutikisika, aliyekuwa chini yake akiinuka, kisha nyingine.