Urefu wa Siti

"Mama, baiskeli za kizamani zinapendeza siti ikiwa juu," fundi alisema. "Nikiishusha itapoteza shepu."

Eliaichi alipanda hivyo hivyo. Vidole vyake vya miguu vilifika chini kwa shida. Siti ilikuwa imewekwa kwa urefu wa marehemu mumewe, na tangu azikwe hakuna aliyeigusa.

"Shusha."

Fundi alilegeza nati, akapaka mafuta. Bomba la siti lilizama polepole, na ule mstari wa kutu ulioonyesha urefu wa mzee ukapotelea ndani ya fremu.

Sasa nyayo zote mbili zilitua chini. Akageuka kutazama keria, alipokuwa akikaa kila Jumapili wakienda kanisani Kibosho, ameshika koti la mumewe.

"Na hiyo itoe," alisema. "Sina wa kumpakia."