Lugha Inayoeleweka

"Basi atuambie na sisi hicho Kilatini kitatusaidia nini," Hildegarda alisema, akaitupa karatasi ya Zabron juu ya benchi.

Wiki ya tatu hii, ugomvi ni uleule. Kesho padri anakuja kigangoni Masanze, na huja mara moja tu kwa mwezi. Zabron alikuwa anaomba jambo moja: Baba Yetu iimbwe kwa Kilatini, kama mama yake alivyofundishwa na mapadri kule Usukumani alipokuwa binti. Asipopata hata hilo, alisema, mama ataacha kuja kanisani. Miguu imechoka, na moyo nao.

Hildegarda naye alikuwa hoi. Tangu asubuhi alikuwa akipiga deki kanisa, kisha akawaandikia wanakwaya Baba Yetu ubaoni kwa chaki. Viatu amevua, visigino vinawaka moto. Ndiye mwenyekiti wa kigango. Lawama zote ni zake.

"Mwenyekiti, mama yangu Kiswahili..."

"Kiswahili kina kasoro gani?" alimkata. "Mtu asali kwa lugha anayoielewa. Hicho Kilatini hata wewe hukijui, Zabron."

Wanakwaya wakacheka. Bibi Celestina, mama yake Zabron, aliyeketi benchi la mbele na fimbo yake, akacheka nao. Ndivyo alivyo tangu familia ihamie hapa na ng'ombe wao miaka minne iliyopita: mpole, hana neno na mtu. Mahubiri yakichekesha, anacheka. Watu wakipiga magoti, anapiga. Leo alipoingia, Hildegarda alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Bibi anadeka tu," Hildegarda aliwaambia wanakwaya. Bibi akaitikia kwa kichwa, uso umechangamka.

Hapo Hildegarda akapata nafuu. Kumbe mwenyewe wala hana shida, ni mwanawe anayekuza mambo. Akamwendea, akainama mbele yake, yaishe akajilalie.

"Bibi, sema mwenyewe, hakuna atakayekasirika. Kesho unataka Baba Yetu ya Kilatini, au hii ya Kiswahili tunayoielewa sote?"

Bibi Celestina akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Marahaba," alisema.

Zabron akainamisha kichwa. Hildegarda akaiokota ile karatasi, akaenda ubaoni pekupeku, akafuta kila kitu, akaanza kunakili: Pater noster.