Sikio la Jikoni

Siku hizi Romania haipigi kura. Kifaa kilichotundikwa kila jikoni husikiliza lugha ya nyumba, na viti vya bunge hugawanywa kwa kadiri kila lugha inavyosikika. Ndiyo maana Bibi Etelka, mjane wa Kihungari, jamii iliyo ndogo nchini, huisemesha sufuria ya kabichi kwa Kihungari kutwa nzima mpaka koo limkauke.

Jumapili moja mjukuu wake Timea, aliyelelewa Bukaresti, aliingia jikoni mbio akamkumbatia.

"Bibi, nimekukumbuka!" alisema kwa Kiromania, lugha pekee aliyoijua.

Etelka alimziba mdomo kwa kiganja, akamnong'oneza sikioni kwa Kiromania. "Si humu, mwanangu. Watatunyima sisi Wahungari kiti."

Tangu hapo Timea akija hula kimya. Bibi naye huacha kuisemesha sufuria, akakaa akimtazama. Kifaa huandika: nyumba haina mtu.