Mzee Chembera na Mlango wa Pili

Paliondokea pimbi mmoja, Mzee Chembera, aliyezeekea kwenye baraza la pimbi akiwa amekaa palepale nyuma, mwisho wa pango. Ukubwa hakuwahi kupewa. Kazi yake ilikuwa kukataa.

Kila masika Mama Kijino alisimama akasema, "Jamani, tutoboe mlango wa pili. Chatu akija tutatokea wapi?"

"Mlango mmoja uliwatosha babu zetu," Mzee Chembera alijibu kutoka gizani. "Kaa chini, mwanangu, utatuingizia baridi bure." Wenzake wakacheka, na hoja ikaanguka.

Siku moja nyasi za mlangoni zikachakarika. Waliokaa mbele wakachomoka nje wote, fyuu! Mzee alipofika katikati ya pango, mlango ulikuwa umeshajaa mwili wa chatu.

Akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota mwamba. "Naunga mkono!" akalia. "Mlango wa pili, naunga mkono!"

"Usiseme hivyo, mzee wangu," chatu akamwambia kwa upole, huku akijivuta ndani. "Miaka yote nimelala hapo nje nikikusikiliza. Kwenye baraza hili sikuwa na mtetezi mwingine ila wewe."